Posa ya Mtu Aliyeshindwa

"Sinia silipokei, Bwana Zulfikar. Hata ukilishika hapo mpaka Idi, silipokei."

"Kwani si lako hili?"

"Langu. Lakini lilikuja kwako limejaa, na wewe waniletea kavu, kama unamrudishia mchuuzi kapu lake. Sinia la jirani halirudi tupu. Hata limau moja mtu hutia."

"Hili si sinia la jirani, Bi Zuwena. Hili sinia la posa. Na posa yenyewe imekwisha, kwa hivyo sina la kutia."

"Imekwisha kwa kauli ya nani? Halua umekula. Nimekuona kwa macho yangu haya, umekata kipande, umetafuna, na kidole umelamba."

Nurjehan alikuwa kizingitini nyuma ya baba yake, mkono mmoja umening'inia karibu na kiwiko cha mzee, haumgusi wala haumwachi. Akimgusa mbele ya Bi Zuwena atakuwa amemfedhehesha, na asipomgusa huenda miguu ile iliyovimba ikamwangusha chini. Jana, Alhamisi, ilikuwa siku yake ya mashine ya kusafisha damu, na kesho yake huwa hana nguvu hata ya kufunga kifungo cha shati. Leo nguvu zilimtoka wapi, Mungu anajua. Amebeba sinia la shaba kwa mikono miwili mpaka kwenye ukuta mfupi wa matofali unaotenga mlango wao na wa Bi Zuwena, na mvua ya Septemba, ile ya London isiyonyesha wala isiyokatika, inamdondokea kwenye kofia.

Ng'ambo ya barabara jirani yao Hansa alikuwa anafuta dirisha lake la mbele. Lilikuwa safi tangu Jumatano, lakini mwenye nyumba ana haki ya kufuta dirisha lake, na mtu akiwa anafuta dirisha masikio hayafungwi. Mtaa ule wa Thornton Heath ndivyo ulivyo. Ukipiga chafya chumba cha nyuma, mtu wa duka la nyama la kona atakuuliza mafua yamekushika lini.

"Nilisema nini mimi?" mzee alisema. "Mbele ya wazee wako wawili wa msikitini nilisema nini? Akishinda, asije. Akishindwa, alete posa. Maneno machache hayo, hata mtoto angeyashika."

"Na alikuwa ameshindwa."

"Alikuwa."

"Sasa huyu mwanangu kosa lake nini, kama Wajerumani hawajui kuhesabu?"

"Sisemi kosa. Nimekubali posa ya mtu aliyeshindwa. Huyu aliyepo sasa mwingine, simjui."

Bi Zuwena alijifunga kanga upya kiunoni, na alipofanya hivyo Nurjehan alijua kuwa linakuja neno. "Bwana Zulfikar, ina maana ulimwoza binti yako kwa kura tisa? Zikienda huku aolewe, zikienda kule asiolewe? Basi ungerusha shilingi juu, tungejua mapema."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ameir ni mtoto wa kaka yake Bi Zuwena. Kaka huyo alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea ufundi, miaka ile baada ya Mapinduzi, na Unguja hakurudi tena ila kwa kuzika. Ameir kazaliwa huko, kasoma huko, anaendesha treni za mjini katika mji mdogo uitwao Lindenroda, na Kiswahili chake ni kile cha mama yake, cha jikoni, kitamu na cha kizamani. Miaka mitatu nyuma alikuja London kwenye hitima ya mume wa shangazi yake. Viti vilipungua, Nurjehan akavusha vya kwao juu ya ukuta, na mwanamume mmoja mrefu akavipokea kimoja kimoja, na kila alipopokea alisema ahsante kama ndiyo ya kwanza. Vilikuwa viti kumi na viwili. Kufikia cha saba Nurjehan alikuwa anasubiri ile ahsante.

Tangu hapo simu. Kila jioni treni yake ya mwisho ikiingia, naye amemlaza baba. Nurjehan ana miaka thelathini na tisa, mtoto pekee, mama amekufa. Watu walikuwa wamekwisha kumtoa katika hesabu ya wanaoolewa, wakamtia katika hesabu ya wanaotunza wazee, na mwenyewe alikuwa amezoea.

Halafu mwaka huu Ameir akasimama kugombea kiti katika bunge la jimbo lao. Akishinda anabaki kule miaka mitano. Akishindwa anahamia London. Kazi ya treni hata Croydon ipo. Ndipo mzee Zulfikar alipotoa sharti lake. Jumapili kura zikahesabiwa, na Ameir akaanguka kwa kura tisa. Jumatatu jioni Bi Zuwena akawatanguliza wazee, sinia la halua likafunikwa kwa kitambaa cha hariri na barua ya posa juu yake, na mzee Zulfikar akakata kipande akala. Aliyekula halua ya posa amekubali, hilo halina mjadala kutoka Mkunazini ya Unguja mpaka Hayes ya London.

Na leo, Ijumaa, saa sita za mchana, kamati ya uchaguzi ya kule ilipokaa kuthibitisha hesabu, ikaonekana kura kumi na moja za posta zilikuwa zimetiwa kwenye rundo la mpinzani. Zikatolewa huku zikatiwa kule. Aliyekuwa nyuma kwa tisa akawa mbele kwa kumi na tatu.

"Mtu wa kura hana jirani, Bi Zuwena," mzee alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ana wapigaji. Mimi nimeyaona kwetu Unguja, miaka ya kura. Wewe ulikuwa msichana, hukumbuki."

"Nakumbuka vizuri sana. Hayo yamekwisha."

"Kwako yamekwisha. Mimi mama yangu nilimbeba na watu wanne. Mtaa una nyumba thelathini, na watu wanne ndio waliokuja kuchukua jeneza, kwa sababu baba alionekana kwenye mkutano wa chama kisicho chao. Walikuwa watu tuliokula nao. Walikaa barazani wakatutazama tunapita."

Mzee aliliweka sinia juu ya ukuta, akageuka, akapita mbele ya binti yake bila kumtazama. Nurjehan alimsikia akishuka taratibu juu ya ngazi ya chini, pale ukumbini anapokaa kuvua viatu.

"Mwanangu," Bi Zuwena alimnong'oneza juu ya ukuta, "yumo njiani. Kapanda ndege saa tano asubuhi, kabla hawajakaa hao wa kamati. Kapanda ni bwana harusi, ndege inashuka yeye ni mheshimiwa. Masikini, hata hajui ashike lipi." Akaingia ndani, na mlango wake ulipofunguliwa zilitoka harufu ya pilau na sauti za watu wasiopungua ishirini. Nyumba ya Bi Zuwena haijui kuwa tupu. Jumapili walijaa kungojea ushindi, Jumatatu wakajaa kwa posa, na leo wamejaa kwa ushindi tena, wengine hata hawajabadilisha nguo.

Nurjehan alibaki mlangoni. Simu ilitetemeka mfukoni. *Nimeshuka. Umesikia?*

Akaandika *Nimesikia*. Akautuma ujumbe hivyo hivyo.

Kilichokuwa kinamla hakikuwa sinia wala halua. Kilikuwa ile Jumapili. Alikuwa jikoni kwa Bi Zuwena, amezungukwa na wanawake wenye simu mikononi, na matokeo yaliposomwa nyumba nzima ikaguna kama mtu mmoja. Watu wakasema masikini, watu wakasema kura tisa tu, Mungu hakuandika. Yeye alikimbilia beseni la vyombo. Aliosha vikombe vilivyokwisha oshwa, kawapa watu mgongo, maana usoni alikuwa na furaha ambayo hakuna sabuni ya kuitoa. Mtu anayempenda kuliko roho yake ameanguka mbele ya mji mzima, na yeye anacheka ndani ya povu. Ameir alipopiga baadaye akamsikia analia, akambembeleza. Akamwambia usilie, afadhali hivi, sasa nakuja. Naye akaacha abembelezwe.

Ilipata saa kumi alipomwona anakata kona ya kituo cha basi. Koti jeusi limelowa, begi moja mkononi, na kwenye kiwiko kanzu imeviringwa kwenye mfuko wa dobi, ile ya kwendea kwa mkwe. Alitembea kama mtu anayehesabu namba za milango, na hali mtaa ule anaujua gizani.

Mlango wa Bi Zuwena ulifunguka kabla hajaufikia. Vigelegele vilitoka kwanza, kisha watu. Mmoja alimshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, mzee mmoja akamwombea dua papo hapo mvuani. Ameir alijibu kila mtu. Aliinama kwa wazee, akambusu shangazi yake kichwani. Na muda wote huo macho yake yalikuwa yanavuka mabega ya watu, yakiutafuta mlango wa pili, mpaka yakampata Nurjehan, na hapo yakatulia. Bi Zuwena aliona. Aliwakusanya watu wake kama mtu anayekusanya nguo kambani, akawaingiza ndani, akafunga.

Ameir akaja mpaka kwenye geti dogo la chuma. Hakulifungua.

"Hongera," Nurjehan alisema.

"Umeisema kama pole."

"Nimeisema nilivyoweza."

Walitazamana. Alikuwa amekonda, kampeni ilikuwa imemla mashavu. Kidevuni palikuwa na mkato mdogo wa wembe, na Nurjehan alitamani kuugusa kwa kidole, ajue kama bado unauma. Ng'ambo ya barabara Hansa alikuwa amehamia dirisha la juu.

"Baba yako amesemaje?"

"Amerudisha sinia."

Ameir aliitikia kwa kichwa. Hakushangaa. "Nurjehan, nataka nikuulize kitu, unijibu kweli. Nimekifikiria tangu uwanja wa ndege. Jumapili, nilipopiga simu. Ulikuwa unalia nini?"

Angeweza kusema uongo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wenye heshima, ambao hata yeye mwenyewe angeuamini baada ya wiki mbili.

"Furaha," alisema. "Nilifurahi, Ameir. Uliposhindwa nilifurahi mpaka nikajiogopa. Sikukufikiria hata kidogo. Nilifikiria viatu vyako hapa ukumbini."

Alingoja akasirike. Ameir alihamisha begi kutoka mkono huu kwenda ule.

"Mimi nilikwambia afadhali," alisema mwishowe. "Unakumbuka? Nilikwambia afadhali nimeshindwa, sasa nakuja. Basi na mimi nilidanganya. Nilikata simu nikakaa kwenye gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Nilikupenda na nikakuchukia kidogo, na sikujua mtu anaweza kufanya vyote viwili akiwa amekaa kiti kimoja."

"Na leo?"

"Leo nimefungua simu pale penye kungojea mabegi, nimesoma, nimepiga kelele. Mimi, mtu mzima. Watu wamenitazama. Halafu nimeiona hii kanzu mkononi." Akaiinua kidogo. "Nina wiki moja ya kujibu. Sheria yao inasema hivyo. Naandika karatasi moja kwamba kiti sikitaki, anaingia mwingine. Niseme neno tu, Nurjehan. Nikiwa nimelisema hapa mlangoni kwenu, sitalirudisha."

Hapo ndipo moyo wake uliporuka. Aliusikia ukiruka, na aliuona mlango wazi, na viatu, na asubuhi zilizojaa sauti ya mtu mwingine ndani ya nyumba. Wiki moja. Karatasi moja. Hakuna mtu duniani angemlaumu, na Bi Zuwena angeanza kupika usiku huo huo.

"Yule bibi kizee, jirani yako kule," alisema. "Wa ghorofa ya tatu. Aliyekushonea kifungo siku ya mkutano."

"Amefanya nini?"

"Uliniambia naye yuko kwenye mashine kama Baba. Uliniambia ndiyo sababu umegombea, kwa sababu wanataka kuifunga hospitali ya mji. Ikifungwa atakwenda wapi?"

Ameir aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kuona maneno yanakoelekea. "Mji mkubwa. Kwa basi."

"Mwendo gani?"

"Saa mbili kwenda."

"Na mbili kurudi. Mara tatu kwa wiki."

"Nurjehan."

"Baba safari yake dakika ishirini, na gari la hospitali linamfuata mlangoni. Akirudi hawezi kuvua viatu. Mimi ndiye ninayevivua, najua miguu inavyokuwa. Wewe utaandika karatasi yako, utakuja, tutaoana, utakuwa mume mwema. Halafu siku moja utampigia simu yule bibi kumjulia hali, na hatapokea."

"Unanifukuza kwa ajili ya bibi usiyemjua."

"Sikufukuzi. Nakataa kuwa mimi ndiye sababu."

"Basi njoo wewe. Njooni wote wawili. Kule mashine zipo, nitapata nyumba ya chini, asipande ngazi."

"Nilimwuliza. Kabla ya kura, alipokuwa kwenye mashine. Alisema mtu huhama mara moja. Alisema mara ya pili hahami, anabebwa. Siwezi kumbeba, Ameir. Na siwezi kumwacha."

Mvua ilikuwa imeanza kuwa mvua ya kweli. Kwa Bi Zuwena mtu aliwasha muziki, mwingine akauzima upesi, labda waliambiwa. Ameir aliuweka mkono wake juu ya geti, na baada ya muda Nurjehan aliuweka wake hapo hapo kwenye chuma, karibu, nafasi ya kidole kimoja katikati. Hakuna aliyeusogeza. Miaka mitatu ya simu, na walikuwa hawajapata kusimama karibu hivi kwa muda mrefu hivi.

"Miaka mitano," Ameir alisema.

"Usiseme nikungoje. Ukisema, nitangoja, na kungoja huko nitakuwa nangoja Baba afe. Sitaki kuingia chumbani kwake asubuhi na jambo hilo moyoni."

Ilikuwa mara ya kwanza Nurjehan kuona machozi ya Ameir. Hakuyafuta, mvua ilimsaidia. Alitazama chini kwenye kanzu, akaifunika vizuri kwa mfuko wake isilowe, kwa uangalifu kama mtu anayefunika mtoto, na kitendo hicho kidogo kilimuuma Nurjehan kuliko maneno yote.

"Niende basi," alisema. "Niage kwa shangazi. Kuna ndege kesho asubuhi."

"Nenda."

Hakuna aliyeondoka.

Nyuma ya Nurjehan ngazi ya chini ililia. Baba yake hakuwa amepanda juu. Alikuwa amekaa pale pale ukumbini muda wote, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mlango ukiwa wazi nusu. Alijiinua kwa kushika ukuta. Nurjehan alinyoosha mkono kumsaidia, mzee akausukuma kando, akaja mpaka kizingitini na soksi moja, akamtazama yule mwanamume getini.

"Shikamoo, mzee," Ameir alisema.

Mzee Zulfikar alikuwa anamtazama mtu yule kuanzia koti mpaka viatu, kisha akayahamisha macho kwa binti yake, akamtazama yeye kwa muda mrefu zaidi, kama mtu aliyesikia jina lake mwenyewe likitajwa katika kesi ya watu wengine.

"Marahaba," alisema. "Umetoka uwanja wa ndege?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa treni?"

"Treni mbili, na basi."

"Umekula?"

Ameir alimtazama Nurjehan, asijue ajibu nini. "Shangazi amepika, mzee. Wananingoja."

"Shangazi yako ana watu ishirini mle ndani. Watakushika mikono mpaka wali upoe, na kila mmoja atakuuliza habari za kura." Mzee alikohoa, akashika mwimo wa mlango. "La posa sina jibu. Usiniulize leo, na kesho pia usiniulize. Nimezungumzia chakula tu."

"Baba," Nurjehan alisema.

"Kaweke sahani tatu. Na wewe fungua geti, kijana, umesimama mvuani kama mdai. Chakula chetu hakina chumvi, daktari amekataza. Ingia, ule hivyo hivyo."